Mbao lazima icheze: ukitengeneza fanicha kando ya ziwa ipe pa kuchezea

Kuna lawama moja mafundi wa Mwanza tunaisikia kila mwaka. Mteja kachukua meza nzuri, imepigwa vanishi mpaka unajiona sura, kaipeleka kwake Shinyanga au Dodoma, baada ya miezi kadhaa anapiga simu, fundi umeniuzia mbao mbichi, meza imepasuka katikati. Fundi naye anajitetea, mbao ilikuwa kavu bosi wangu, labda mmeiweka dirishani inapigwa jua. Wanaweza kubishana hivyo mpaka kesho na hakuna atakayegusa penyewe. Mbao inaweza kuwa kavu kabisa na bado meza ikapasuka, kwa sababu mara nyingi kinachoipasua ni vile ilivyofungwa isiweze kusogea popote.

Maana kusogea itasogea tu. Kabati la mninga la marehemu babu yako lenye miaka hamsini linaendelea kucheza mpaka leo, linavimba kidogo masika na kusinyaa kidogo kiangazi, ila aliyelitengeneza aliliachia nafasi ndio maana huoni kitu.

Tuanze na maji yanakaa wapi. Mti ukikatwa leo una maji ya namna mbili, kuna yale yaliyojaa kwenye vitundu vyake vidogo visivyoonekana kwa macho, na kuna yale yaliyonywewa na kuta za hivyo vitundu. Yale ya kwanza yakitoka mbao inapungua uzito tu, upana unabaki ule ule. Ikishuka mpaka kama asilimia 28 au 30 hivi vitundu vinakuwa vimeshabaki vitupu, sasa zinaanza kukauka kuta zenyewe na hapo ndipo mbao inapoanza kusinyaa. Ndio maana mtu ananunua mbao mbichi, anaianika wiki mbili, anainyanyua anaona imekuwa nyepesi sana anasema hii tayari, kumbe kusinyaa ndio kwanza kunaanza, anapiga meza na safari yote ya kusinyaa inafanyikia sebuleni kwa mteja.

Halafu kuta zile hazikauki zikamaliza, zinakauka mpaka zinapopatana na hewa iliyozizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50 mbao itatulia kwenye asilimia 9 hivi. Hewa ya 65 mbao inakuwa 12, hewa ya 80 inakuwa 16, na hewa ya 90 mbao inafika 20. Hizo ni namba za joto la kawaida na ni za kukadiria, zinatofautiana kidogo mbao kwa mbao. Na hewa ikibadilika mbao nayo inafuata, polepole, nyembamba inafuata ndani ya siku chache na nene inachukua wiki au miezi. Kwa hiyo mtu akikwambia mbao hii kavu muulize kavu ya wapi, maana kavu ya Kirumba hapa Mwanza mwezi wa nne na kavu ya ofisi yenye AC Dodoma ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sasa angalia karakana zetu zilivyo. Nyingi zimekaa bondeni au karibu na maji, kuanzia Kirumba mpaka huko Mkuyuni, bati juu, pembeni wazi au mabanzi yaliyoachana, chini udongo au zege iliyomwagwa bila nailoni. Mchana upepo wa ziwani unaingia na unyevu wake, usiku bati linapoa na asubuhi ukiinua macho unakuta upande wa chini wa bati umejaa matone yamejipanga kwenye misumari, yanadondoka moja moja juu ya mbao uliyoipiga randa jana. Vuli Oktoba mpaka Desemba, masika Machi mpaka Mei, katikati hapo kiangazi cha Juni mpaka Septemba ambacho kinakausha kweli kweli. Yaani karakana moja hiyo hiyo mbao inaweza kuwa na asilimia 16 mwezi wa nne na ikashuka mpaka 11 mwezi wa nane bila wewe kuigusa.

Mbao haichezi sawa pande zote, na hapa ndipo penye siri ya kazi nzima. Chukulia furushi la matete ya ziwani limelowekwa, kila tete linanenepa kwa hiyo furushi linanenepa, ila urefu unabaki vile vile. Nyuzi za mbao ziko hivyo. Kwa urefu ubao unasinyaa kama asilimia 0.1 au 0.2 tu tangu mti mbichi mpaka ukaushwe kabisa kwenye oveni, hesabu yake unaweza kuisahau. Kwa upana ni habari nyingine. Mtiki, ambao wengine tunauita msaji, unasinyaa kama asilimia 5.8 ukifuata mzunguko wa duara za mti, na kama 2.5 ukienda kutoka gamba kuelekea moyo. Mvule ni 3.8 na 2.8. Ona mtiki huo, upande mmoja unasinyaa zaidi ya mara mbili ya mwingine ndani ya ubao huo huo.

Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ubao ujikunje. Uangalie kichwani pale ulipokatwa na msumeno. Ukiona mistari ya duara imelala, inafuata upana wa ubao, huo utacheza sana na utajikunja, ukikauka kingo mbili zinanyanyuka kwenye uso uliokuwa upande wa gamba na katikati panabonyea. Ukiona mistari imesimama wima toka uso wa juu mpaka wa chini, huo ubao umepita karibu na moyo, utacheza karibu nusu yake na utabaki umenyooka. Kwenye rundo moja la mbao za kupasuliwa utapata za aina zote mbili kwa bei moja, fundi mwenye macho anachagua zilizosimama anaziweka pembeni kwa ajili ya milango na juu ya meza, zilizolala anazipeleka kwenye miguu na vitu vyembamba. Hilo halikugharimu hata shilingi. Ila ule ubao wenye moyo wenyewe katikati, lile doa la kati kabisa ya gogo, usiuweke mahali panapoonekana, utapasuka tu, hata uubembeleze vipi.

Tupige hesabu kidogo, haiumi. Mtiki 5.8 gawa kwa 30, ile asilimia ambayo kusinyaa kunaanzia, unapata kama 0.19, maana yake kila unyevu wa mbao ukishuka kwa asilimia moja, ubao wenye mistari iliyolala unapungua asilimia 0.19 ya upana wake. Meza ya upana wa sentimita 90, imetengenezwa masika mbao ikiwa 15, ikaenda nyumba ambayo mbao itatulia kwenye 11. Tofauti ni 4. 900 mara 0.0019 mara 4, ni milimita karibu 7. Meza hiyo hiyo ikiingia ofisi yenye AC inayowaka kutwa, hewa iko asilimia 40, mbao itashuka mpaka kama 8, hapo ni milimita 12. Milimita 12 hizo zitatoka wapi kama umeigongelea misumari kila sentimita 15? Zitatoka kwenye ufa.

NGUVU HAISAIDII

Mafundi wengi dawa yao ni kuongeza misumari na gundi, ikicheza tutaona. Jamani, mtu yeyote aliyelima anajua habari ya mpini wa jembe. Mpini ukilegea unaloweka kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi umekaza huwezi hata kuugongoa, baada ya siku chache za jua umelegea kuliko mwanzo. Kwa nini? Mbao ilipovimba ilikutana na chuma hakisogei, ikajiponda yenyewe kwa ndani, vile vitundu vikabonyea. Ikikauka inasinyaa kutokea pale ilipojiponda na inakuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa. Meza iliyofungwa kwa nguvu inafanyiwa hivyo hivyo, masika inajiponda, kiangazi inapasuka, halafu mtu anashangaa mbona imekaa mwaka mzima vizuri ndio ikapasuka mwaka wa pili.

Mafundi mitumbwi wa hapa hapa wanaijua hii nguvu na wanaitumia. Mtumbwi uliovutwa nchi kavu ukakaa juani wiki kadhaa mianya yake inafunguka, siku ya kuurudisha majini unavuja na watu wanakomba maji, kisha mbao zinavimba zinaibana ile pamba ya kalafati iliyozibia mianya na uvujaji unapungua wenyewe. Wao wanataka mbao ivimbe ibanane. Sisi wa fanicha tunatakiwa kuiachia.

Kwa hiyo kanuni ni moja, sehemu mbili ambazo nyuzi zake zinaenda upande mmoja unaweza kuzigundisha unavyotaka, zitacheza pamoja. Mbao tano za juu ya meza zimepangwa ubavu kwa ubavu, paka gundi nyeupe, bana na klampu, hapo hakuna tatizo lolote na gundi hiyo ikikauka ina nguvu kuliko mbao yenyewe. Tatizo linaanza pale nyuzi zinapokatishana, ubao mmoja unataka kusinyaa kwa upana na mwingine umeusimamia kwa urefu wake ambao hausinyai. Ukikuta msalaba wa nyuzi popote kwenye kazi yako, simama hapo ujiulize huyu atachezea wapi.

Juu ya meza. Ule mkanda unaounganisha miguu usiugongelee na meza kwa misumari wala usiupake gundi. Chimba mfereji mwembamba kwa ndani ya mkanda, tengeneza vipande vidogo vya mbao vyenye ulimi, ulimi unaingia kwenye mfereji na skrubu inashika juu ya meza, meza ikisinyaa kipande kinateleza na mfereji. Usikipigilie kikabana kabisa, kwenye pande ndefu za meza acha upenyo kama milimita 5 au zaidi kati ya mkanda na bega la kile kipande ili kiwe na pa kwenda. Kama huna muda wa hayo, toboa matundu marefu badala ya matundu ya duara, marefu kufuata upana wa meza yaani kukatisha nyuzi, weka washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu, na skrubu, kaza ya kushika tu usikaze ya kuua. Skrubu ya katikati ya upana ndio uiache kwenye tundu la kawaida la duara, hapo meza inakuwa na kitovu chake na ule mchezo unagawanyika nusu huku nusu kule. Zile milimita 7 za mfano wetu zinakuwa tatu na nusu kila upande, nani atajua?

Kuna ile staili ya kuweka ubao mmoja kichwani mwa meza kukatisha zote ili kuficha vichwa vya mbao. Inapendeza, wateja wanaipenda, na ndiyo inayoongoza kwa kupasua meza hapa mjini kwa sababu inapakwa gundi mwanzo mpaka mwisho na msumari juu. Ukiitaka, meza iwe na ulimi unaoingia ndani ya ubao wa kichwani, gundi weka kwenye sentimita 10 za katikati tu, pembeni weka vijiti vya kushikilia vinavyopita kwenye matundu marefu ya ule ulimi. Na mwambie mteja kabisa kwamba kuna miezi ubao wa kichwani utazidi meza kwa milimita mbili tatu na kuna miezi utapungukiwa, ndio kazi ilivyo. Mimi siipendi hiyo staili kwa meza za kusafirishwa, vichwa vya mbao vikipigwa msasa vizuri vinapendeza vyenyewe.

Milango ya makabati na ya nyumba. Hapa wazee walishamaliza kazi zamani, fremu na paneli. Fremu ni mbao nyembamba kwa hiyo inacheza kidogo, paneli ndiyo pana, nayo inakaa ndani ya mfereji wa fremu bila tone la gundi, bila msumari, inaelea. Paneli ya upana wa sentimita 40 ya mtiki kwa tofauti ya asilimia 4 inacheza milimita 3, basi iachie nafasi kwenye mfereji. Ukiwa unatengeneza masika paneli iko kwenye upana wake wote, unaweza kuiacha na nafasi ndogo ila ulimi wake uingie ndani ya kutosha usije kuchomoka kiangazi. Ukitengeneza mwezi wa nane fanya kinyume, acha nafasi kubwa maana hiyo itavimba. Ikigongagonga ndani ya fremu chomeka vipande vidogo vya mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye mfereji, vinabonyea na kurudi. Na paneli ipakwe rangi au vanishi kabla hujaiingiza, kwa sababu mbili, moja vanishi ikipakwa baadaye inaigundisha na fremu na kazi yote uliyofanya imekwisha, pili ikisinyaa utaona mstari mweupe ambao haukupakwa umechungulia pembeni.

Droo ni hesabu hiyo hiyo. Uso wa droo wa urefu wa sentimita 20 kwenda juu unacheza milimita moja na nusu. Droo inayoingia kwa raha mwezi wa nane bila nafasi yoyote, mwezi wa nne inavutwa na mtu na kabati zima linamfuata. Kitako cha droo na mgongo wa kabati weka plaiwudi tu uachane na mateso, tabaka zake zimepishana nyuzi kwa hiyo zinazuiana na karatasi nzima haichezi kiasi cha kuhangaisha. MDF, zile mbao za nyuzi zilizosagwa na kugandamizwa kwa gundi, nayo haichezi sana hewani, ila ikigusa maji yenyewe inavimba kama mkate wa mayai na hairudi, kwa hiyo usiisimamishe moja kwa moja kwenye sakafu inayodekiwa.

Kitu cha kubishaniwa sana vijiweni: ukipanga mbao za juu ya meza ubadilishe moja moyo juu moja moyo chini, au zote upande mmoja? Ukibadilisha, meza ikijikunja inakuwa na mawimbi madogo madogo na kwa ujumla imenyooka. Ukipanga zote upande mmoja inajikunja mara moja kubwa ambayo skrubu za katikati zinaweza kuivuta. Mimi naangalia rangi na mchoro wa mbao kwanza, ule upande unaopendeza ndio unakaa juu, kwa sababu kama mbao imekauka vizuri na umechagua zilizosimama mistari hizo habari nyingine hazina uzito mkubwa. Mbao za upana wa inchi 4 mpaka 5 ni salama zaidi kuliko ubao mmoja wa inchi 12, hata kama mteja anatamani ule mpana.

VANISHI NA MBAO YENYEWE

Vanishi inachelewesha, haizuii. Hakuna vanishi wala laka inayofunga unyevu moja kwa moja, inachofanya ni kuifanya mbao ibadilike taratibu, hivyo mvua ya siku tatu haipati muda wa kuisumbua. Ila upake pande zote. Juu ya meza iliyopigwa sila ya kuzibia vitundu na laka mikono mitatu na chini haijapakwa kitu, upande mmoja unapumua haraka na mwingine taratibu, lazima ijikunje. Chini hakuna anayeangalia, sawa, paka hata mikono miwili bila kuhangaika na msasa laini.

Aina za mbao sitarefusha. Mninga ndio bingwa wa kutulia, mvule na mkongo wanafuata vizuri, mtiki mzuri ukikaushwa, mpaini wa Sao Hill kule Mufindi au wa huku kwetu visiwani na Buchosa unakubali ila mara nyingi unauzwa mbichi sana. Mkaratusi kwa fanicha ya ndani inabidi uwe na moyo mgumu, unasinyaa mwingi na unapinda hata ukiwa umelala.

KARAKANA YENYEWE

Sasa unyevu wa karakana. Kukausha hewa ya karakana iliyo wazi ni kazi bure, usipoteze hela. Shughulikia mbao zako.

Mbao zipangwe juu ya matofali au vyuma, angalau nusu mita kutoka chini kama chini ni udongo, chini yake tandika nailoni nzito. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene wa inchi moja, vyote vya unene mmoja, kila sentimita 40 mpaka 60, na vijiti vya safu zote visimame mstari mmoja juu ya vingine. Ukiviweka hovyo hovyo ule uzito wa juu unazikunja mbao na zinakauka zikiwa na mawimbi ambayo hutayatoa tena. Vichwa vya mbao paka rangi yoyote ya mafuta iliyobaki, maji hutoka haraka sana kwenye vichwa kuliko kwenye uso na ndio maana zinapasukia huko. Juu weka mzigo, na bati la kukinga mvua na yale matone ya asubuhi. Pembeni acha wazi. Nimeona watu wanaifunga mbao mbichi na turubai wakidhani wanaikinga, wanafungua wanakuta ukungu mweusi.

Mbao iliyosharandwa ni tofauti, hiyo ndio ya kufunga. Umeranda leo hujamaliza kuunga, usiiache imelala kwenye benchi uso mmoja juu mmoja chini mpaka kesho, uso wa juu unapata hewa na wa chini haupati, asubuhi unakuta imejikunja na ulishaipiga vizuri kabisa. Isimamishe ukutani hewa ipite pande zote, au ifunge yote na nailoni mpaka utakaporudi. Na kuranda kwenyewe randa mara mbili, kwanza iache nene kidogo kwa milimita tatu nne, iache siku kadhaa itulie, ikishapinda kwa namna itakayopinda ndipo unamaliza kuinyoosha.

Kama unafanya kazi za kusafirisha kwenda mikoa mikavu au maofisini, tenga chumba kidogo kilichozibwa vizuri, siyo lazima kiwe kikubwa, hata mita 2 kwa 3. Hewa ya nyuzi joto 25 yenye unyevu wa asilimia 80 ukiipasha mpaka 30 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka mpaka kama 60. Nyuzi tano tu. Hapo mbao inataka kutulia kwenye 11 badala ya 16. Nyuzi tano unazipata kwa balbu chache za zamani zile zinazotoa joto, au paa la nailoni angavu na bati jeusi ndani likipigwa jua, na feni ndogo ya kuzungusha hewa, na tundu la kutolea ule mvuke. Usiingize mbao mbichi kabisa humo na kuikausha kwa pupa, uso utakauka na kukakamaa ndani bado bichi, siku unaipasua na msumeno inaubana na kupinda. Ianze nje kwenye vijiti ikishuka ndio iingie chumbani. Muhimu kuliko yote, muulize mteja fanicha inakwenda wapi na itakaa kwenye nini, kabla hujapanga bei.

KUPIMA

Kipima unyevu cha pini mbili kinauzwa, ukiwa nacho safi. Usipokuwa nacho mizani ya kidijitali ya jikoni inatosha. Kata kipande katikati ya ubao, sio kichwani maana kichwa kimekauka kuliko kwingine, nenda ndani nusu mita hivi. Kipime, tuseme kina gramu 236. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103 hivi, kipime kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito ugome kushuka, tuseme umegoma kwenye 200. Tofauti 36, gawa kwa 200, mbao yako ina asilimia 18. Wengi wanagawa kwa ule uzito wa mwanzo, wanapata 15 wanafurahi bure. Huna oveni? Chagua ubao mmoja wa kati kwenye rundo, uandike uzito wake kwa chaki, upime kila wiki. Ukikaa wiki tatu nne uzito hausogei basi umeshapatana na hewa ya hapo. Hautakwambia ni asilimia ngapi, ila utajua haina safari nyingine ndefu mbele, na ukiwa na haigromita ya ukutani, kile kipima unyevu wa hewa, unaweza kukisia kwa zile namba za juu.

Swali la mwisho ambalo wateja wanauliza sana, meza imeshapasuka, tunazibaje? Usijaze ufa kwa unga wa mbao na gundi mwezi wa nane, masika mbao itavimba na kuusukuma ule mchanganyiko nje, au utakataa kutoka na meza itapasukia pengine pembeni. Geuza meza, toa misumari na skrubu zote zinazoifunga na mkanda, iache hivyo hivyo ndani ya nyumba inayokaa kwa wiki tatu au nne ijisogeze inavyotaka, ufa mwingine utaona umejifunga wenyewe nusu. Kisha pasua kwa msumeno kufuata ule ufa mpaka mwisho, nyoosha kingo mbili kwa randa, gundisha upya, irudishe kwa matundu marefu na washa. Meza itakuwa imepungua upana kwa nusu sentimita hivi, na kama viti vilikuwa vimekaa sawa havitajua.